Kitabu Kilichotibu Utoro Mwamgongo

Wadogo zangu, nawaandikia kama mstaafu, na naomba msicheke kabla sijamaliza sentensi. Najua mstaafu mnayemfahamu ninyi ni mzee mwenye koti, anayepanda na kushuka ngazi za ofisi akifuatilia mafao. Mimi nina miaka thelathini na mitatu. Koti sina, na mafao yangu ni goti la kulia linalonitangazia mvua. Hata hivyo nimestaafu kihalali: kazi yenyewe ilitangulia kustaafu, ikaniacha nimesimama Kibirizi, kituo cha boti pale Kigoma, na begi la vitabu mgongoni, dada mmoja wa chuo ananiuliza, "Kaka, si unirushie tu kwenye simu?"

Nikamjibu kitabu hakirushwi, kitalowa. Hakucheka. Nikajua zama zangu zimekwisha. Siku hizi naendesha bodaboda Gungu, na abiria wangu wengi ni wale wale niliokuwa nikiwauzia. Wanapanda, wanafungua simu, wanasoma namna ya kuandika utafiti huku mimi nakwepa mashimo.

Nilikuwa nauza miongozo. Si riwaya, si vitabu vya dini. Ni vile vitabu vyembamba vinavyomwambia mwalimu namna ya kuandaa somo, vinamwambia mwanachuo namna ya kuuliza watu maswali bila kufukuzwa, vinamwambia afisa ustawi wa jamii namna ya kukaa na mama anayelia. Mwongozo hauna msomaji anayeusoma kwa raha. Mtu anaununua kwa sababu kesho anakaguliwa. Kwa hiyo nilikuwa kama muuza panado: kila niliyemtembelea alikuwa na maumivu, nami nilifika nikiwa mchangamfu kupita kiasi.

Shule niliacha kidato cha pili, lakini miongozo niliisoma yote botini, tena mingine mara mbili, maana kutoka Kibirizi kupanda kaskazini hakuna kingine cha kufanya zaidi ya kutazama milima. Watalii walikuwa wakishuka Gombe kutazama sokwe, mimi naendelea mbele Mwamgongo kutazama walimu. Nilijua kuandaa azimio la kazi la muhula mzima. Sikuwa na darasa hata moja la kulifundisha, lakini azimio ninalo. Na ndoto pia ninayo, bado: siku moja nifungue duka la vitabu pale Ujiji, lenye kiti cha mteja kukaa na kusoma bila kuulizwa "unanunua au hununui?"

Kama yupo kati yenu ambaye bado anataka kuuza kitabu cha karatasi, Mungu amsaidie, nitampa nilichonacho. Botini kaa katikati, usikae mbele. Mbele mawimbi yanakusomea vitabu vyote kabla ya mteja. Vifunge kwenye nailoni mbili kisha mfuko wa unga. Usiviweke karibu na dagaa, kwa sababu kitabu chenye harufu ya dagaa kijijini kinanunulika ila mjini wanakirudisha. Mteja akikifungua kuanzia nyuma, muuzie hapo hapo: huyo anatafuta mfano wa kunakili. Akianza na utangulizi, mshukuru na uende zako. Mtu anayesoma utangulizi ana muda, na mwenye muda hana shida.

Hayo nilifundishwa na Bi Mwasiti wa Ujiji, aliyekuwa na duka la kalamu, daftari na kurudufu karatasi. Yeye mwenyewe hakuwahi kusoma mwongozo hata mmoja. Alikuwa akikiweka kitabu kiganjani, anakipima kama nyama, anasema, "Hiki kina kurasa nyingi za kujaza. Wapelekee maafisa." Hakukosea hata mara moja.

Kuna afisa mmoja kijana wa ustawi wa jamii, mgeni kutoka mkoa mwingine, nilimuuzia mwongozo wa ushauri nasaha. Kitabu kilisema: inama mbele kidogo, mtazame machoni, kaa kimya, mpe mteja nafasi. Wiki ile ile akaletewa mzee na mkewe wa Ujiji waliokuwa wamegombana kuhusu paa. Kijana akainama mbele, akamkodolea mzee macho, akanyamaza. Akanyamaza sana. Mzee akamgeukia mkewe, akasema taratibu, "Mama Zuhura, huyu mtoto anaumwa." Kijana akaruka ukurasa, akamuuliza yule mama, "Unajisikiaje?" Mama akajibu, "Najisikia kwenda kupika." Wakaondoka pamoja, wakiongea njia nzima juu ya yule kijana na afya yake. Ugomvi wa paa uliishia hapo. Afisa alikuja kunishukuru, eti mbinu ya ukimya inafanya kazi sana.

Nami nikaamini. Hilo ndilo jambo la hatari katika kazi yetu, wadogo zangu. Kitabu kikifanya kazi kwa bahati, muuzaji ndiye wa kwanza kukiamini. Na hapo ndipo naingia kwenye habari ya Mwalimu Hepi.

Jina lake kamili ni Happiness, lakini Mwamgongo walilikata mapema. Alitokea Singida, alikolelewa mbali na maji yoyote yanayozidi ndoo. Mara ya kwanza nilimwona botini, amefumba macho toka Kibirizi, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo, na kila wimbi likipiga anarudia ubeti wa kwanza. Alikuwa mwalimu mpya, bado yumo kwenye muda wa majaribio. Mjue kwamba mwalimu mpya hutazamwa kwanza. Akionekana anafaa anathibitishwa kazini, asipoonekana anarudi kwao kueleza. Na mama yake kule Singida alikuwa ameshawatangazia majirani, na kanisani pia, kwamba binti ni mwalimu wa serikali. Tangazo la namna hiyo halina njia ya kurudi.

Mwanzo alipewa watoto wadogo wa darasa la kwanza, mambo yakaenda. Kisha akahamishiwa darasa la tano. Nilipofika na begi langu alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa ananingoja.

"Kaka Mwongozo, una dawa ya utoro?"

"Shikamoo kwanza hakuna?"

"Shikamoo kwa umri gani ulionao? Nakuuliza, una dawa?"

"Utoro wa namna gani?"

"Wa darasa zima. Jana niliingia nikakuta watoto wachache na mbuzi. Wale watoto wakaondoka kabla ya mapumziko. Mbuzi ndiye aliyekaa mpaka mwisho."

Nilikuwa nacho. Kitabu cha jalada la kijani, kina sura nzima juu ya utoro, sura ya sita. Kilisema: watembelee wazazi nyumbani, tafuta chanzo, watuze wanaohudhuria, shirikisha jamii. Akakinunua, akakipigia mstari kwa kalamu nyekundu kabla hata boti haijageuza.

Akatembelea wazazi. Alikwenda mchana, baada ya vipindi, na kila nyumba alikuta mama ndiyo kwanza anaamka, macho mekundu. Mmojawapo alikuwa Mama Bukuru, mama wa mapacha Bukuru na Butoyi, wote wa darasa la tano, na ndiye mwanamke mwenye sauti kuliko wote pale mwaloni, yaani pale vyombo vya uvuvi vinapotia nanga na dagaa wanapoanikwa. Mwalimu Hepi akapokelewa kwa salamu za Kiha, zile za kupiga makofi taratibu na kuulizana habari ya kila kiumbe. Akaulizwa habari ya mama yake, ya wadogo zake, ya ng'ombe wao ambao hawapo. Salamu zilipoisha jua lilikuwa limeshaanza kuelekea Kongo.

"Mama Bukuru, kwa nini mapacha hawaji shule?"

"Watakuja, Mwalimu."

"Lini?"

"Siku si nyingi. Wewe tulia, watakuja."

Kila nyumba jibu lilikuwa hilo hilo. Na kweli, wadogo zangu, siku hazikuwa nyingi, wakaja! Niliporudi Mwamgongo nilikuta darasa la tano limejaa mpaka wengine wamekaa dirishani. Bukuru na Butoyi wako mbele, wameoga. Mwalimu Hepi akanikimbilia na kitabu mkononi, machozi yanamtoka. "Sura ya sita, kaka! Sura ya sita!" Tukapeana mikono kama watu waliogundua chanjo.

Mwalimu Mkuu naye hakukaa kimya. Yeye ni mtu wa Kasulu, wa milimani, mpole, ambaye hadi siku hiyo alikuwa akisema utoro wa Mwamgongo ni kama homa, huja ukaenda. Alipokwenda mjini kwenye kikao cha wakuu wa shule akasimama akatangaza kwamba shule yake imekomesha utoro. Mthibiti ubora wa shule, yule ambaye zamani aliitwa mkaguzi, akaandika. Akasema atafika mwenyewe kuliona darasa hilo, na kwa kuwa Mwalimu Hepi ni wa majaribio, siku hiyo hiyo atamtazama kama anafaa kuthibitishwa. Jambo likawa zuri mara mbili.

Na mimi? Mimi nilishuka na ufuko wote wa ziwa nikipiga kelele kama wauza dawa za mitishamba: "Kitabu kilichotibu utoro Mwamgongo! Wamepona wenzenu!" Bi Mwasiti akaniuliza, "Umemwona mgonjwa mwenyewe akipona, au umeona kitanda kitupu?" Nikamwambia nimeona kwa macho yangu darasa limejaa. Akanipimia kitabu kiganjani, akaguna, akanirudufia tangazo.

Ilagala, huko kusini karibu na mto Malagarasi unapoingia ziwani, nilimuuzia Mwalimu Kalisti. Huyu ni mtani wangu, hajawahi kuniita kwa jina zuri. Nilipopita tena kwake baada ya wiki kadhaa alinipigia kelele nikiwa bado mbali.

"Tapeli! Njoo hapa, tapeli wangu!"

"Kulikoni, Mwalimu?"

"Kitabu chako kimeisha nguvu. Nilipokinunua darasa lilijaa siku ile ile, kabla sijakisoma! Nikakipa heshima, nikakifunika kwa gazeti. Sasa juzi watoto wametoweka wote. Hiki kitabu kina tarehe ya kuharibika?"

"Umesoma sura ya sita?"

"Nimesoma mpaka jina la mtambo uliokichapa."

Tukakifungua pale pale kibarazani, vichwa viwili juu ya ukurasa mmoja, tukitafuta tulipokosea. Labda hakuwatuza vizuri. Labda jamii haikushirikishwa ikashiba. Mke wake akapita na beseni la dagaa wabichi kichwani, akasimama, akatutazama kwa muda kama mtu anayetazama kuku wakijadiliana.

"Mume wangu, dagaa leo bei gani?"

"Wameshuka. Wamejaa mwaloni."

"Na wiki ile nilipokupikia maharage mfululizo ukanuna?"

"Hawakuwepo."

"Hawakuwepo kwa nini?"

Mwalimu Kalisti akalitazama beseni. Akanitazama. Mimi nikatazama kitabu.

"Mwezi," akasema kwa sauti ya mtu aliyejikwaa.

"Haya, someni," mkewe akasema, akaingia ndani.

Kwa ninyi wa mbali nieleze. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku kwa taa. Gizani taa inawaka juu ya maji, dagaa wanaifuata, wanazolewa. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linang'aa, dagaa hawaoni sababu ya kuifuata taa ya mtu, na wavuvi wanalala nyumbani. Kwa hiyo kuna giza na kuna mbalamwezi. Wakati wa giza kijiji cha pwani hakilali. Alfajiri vyombo vinarudi vimejaa, na dagaa wasipoanikwa asubuhi hiyo wanaoza. Kila mkono unahitajika, na mikono ya mtoto wa darasa la tano ni myepesi kuliko yote. Wakati wa mbalamwezi mikono hiyo haina kazi, inakwenda shule.

Hili si siri. Kila mtu Kigoma analijua, hata mimi niliyezaliwa Ujiji nimekula maharage ya mbalamwezi maisha yangu yote. Lakini mtu akishika kitabu, hasa chenye jalada gumu, anajua yaliyomo kitabuni tu. Akina Mama Bukuru waliposema watakuja siku si nyingi, walikuwa wanatazama juu. Mwalimu Hepi alikuwa anatazama sura ya sita.

Nilicheka na Kalisti mpaka tukashika mbavu. Kisha kicheko kikanikatika. Wiki ile ilikuwa giza. Na wiki ile ndiyo Mthibiti alikuwa anakwenda Mwamgongo.

Nikampigia Mwalimu Hepi, simu imezimwa. Mawingu ya siku zile yalikuwa yameinyima sola yake jua. Kesho yake asubuhi nikawahi boti Kibirizi, nikabana katikati kama kawaida. Na ni nani akaja kukaa pembeni yangu? Mzee mwenye suti ya kijivu, viatu vinang'aa, kavivisha nailoni visilowe. Nikajua ni yeye hata kabla hajasema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Umebeba nini hicho?"

"Miongozo, mzee. Ya walimu."

"Aa! Hicho cha utoro unacho? Nakwenda kuona kazi yake. Nimeambiwa watoto wanakaa mpaka madirishani."

"Walikaa, mzee."

"Kinafanya kazi kweli?"

Nikatazama milima ya Gombe, haikunisaidia. "Kina siku zake, mzee," nikasema.

Tulifika asubuhi mbichi. Mwalimu Mkuu akatupokea kwa tabasamu lililokuwa limeanza kufa pembeni. Mwalimu Hepi alikuwa darasani amevaa kitenge chake kizuri, chaki mkononi, mbele ya watoto wasiojaza hata madawati mawili. Mbuzi alikuwepo.

"Mwalimu," Mthibiti akasema taratibu, "hili ndilo darasa la tano?"

"Ndiyo, mzee."

"Lile lililojaa?"

"Lilijaa, mzee. Wiki ile. Nina kitabu, nimefuata hatua zote, nimetembelea nyumba kwa nyumba..." Nilikuwa dirishani. Nikamwonyesha juu kwa kidole, nikimaanisha mwezi, mwezi! Akatazama juu, nako wingu jeusi lilikuwa linavuka ziwa kutoka upande wa Kongo. Wakati huo huo ukelele ukatoka mwaloni, kelele za wanawake, na wale watoto waliobaki wakaruka madawati wakatoka mbio. Dagaa wako mchangani, mvua inakuja. Hakuna mwalimu wala kengele inayoweza kusimamisha hilo.

Mwalimu Hepi akabaki na chaki na mbuzi. Akamtazama Mthibiti, akatazama mlango, akaweka chaki mezani, akakimbia. Nilidhani anaikimbia kazi. Kumbe alikuwa anawafuata watoto.

Mwaloni palikuwa pameanikwa dagaa mpaka jicho linachoka, wanaume wanakokota vyombo juu, wanawake na watoto wanazoa kwa mabeseni na maturubai. Darasa la tano lote lilikuwa pale, sijawahi kuona mahudhurio mazuri namna ile. Mama Bukuru akamwona mwalimu amesimama amepigwa butwaa.

"Mwalimu! Unasimama kama mgeni wa harusi? Shika turubai!"

Akashika. Nami nikashika. Kisha Mthibiti akatokea anatembea kwa heshima zake, mikono nyuma, na Mama Bukuru, ambaye hakumjua na kwa kasi ile asingejali, akamgeukia: "Na wewe baba wa suti, dagaa hawaokolewi kwa kutazamwa! Shika huku!" Mwalimu Mkuu akafumba macho. Mthibiti akashika.

Mvua ilitupiga, ila dagaa wengi tuliwawahi. Tukajibana chini ya banda la mabati, watu wazima kwa watoto, tunanuka sawasawa. Mthibiti akaondoa gamba kwenye tai yake.

"Mwalimu, kitabu chako kinasemaje juu ya hili?"

"Kilisema niwatembelee nyumbani, mzee. Niliwatembelea. Niliwakuta wamelala mchana, nikaandika kwamba wazazi hawana mwamko." Akajifuta uso, mvua au machozi sijui. "Sikuwauliza usiku walikuwa wapi."

"Hukuuliza," Mama Bukuru akaitikia, "nasi tukajua unajua. Mtu mwenye kitabu kikubwa vile, sisi tumwambie habari ya mwezi? Tungeonekana tunakudharau."

Mwalimu Hepi akamgeukia. "Mnamaliza kuanika saa ngapi?"

"Jua likishakaza. Saa nne hivi."

"Basi saa nne nipeni watoto. Na mbalamwezi ikirudi watakaa na mimi mpaka jioni, tulipe vipindi vyote vya giza."

Mwalimu Mkuu akakohoa. "Lakini ratiba, Mwalimu. Ratiba inasema saa mbili."

Wote tukamtazama Mthibiti. Yeye alitazama mvua.

"Simthibitishi mtu kwa kukunja turubai," akasema mwishowe. "Leo nilichokiona ni darasa tupu na mnyama. Nitarudi."

"Njoo mwezi ukiwa mkubwa, mzee!" Mwalimu Mkuu akasema haraka. "Utaliona limejaa!"

"Nitarudi gizani," Mthibiti akasema. "Na siku sitasema."

Wadogo zangu, sijawahi kuutazama mwezi kama nilivyoutazama majuma yale. Ungedhani nina mchumba huko juu. Nilivizia kila boti kutoka Mwamgongo nikiuliza habari za darasa la tano. Haikuwa rahisi kama ilivyosemwa chini ya banda. Giza la kwanza ni nusu tu ya watoto waliofika saa nne. Wengine walifika wakalala juu ya dawati wakikoroma. Kuna mama aliyesema wazi kwamba mwalimu anayebadili saa ya shule hatadumu, na watoto wake akawazuia. Mwalimu Hepi akaanza kushuka mwaloni alfajiri. Siku ya kwanza walimtwisha beseni, akaliangusha lote, wanawake wakacheka mpaka wakakaa. Siku ya pili hawakumtwisha. Siku ya tatu akalichukua mwenyewe. Yule mama aliyesema hatadumu ndiye aliyemfunga kata ya beseni kichwani vizuri, akimkemea kwamba watu wa Singida shingo zao ni za kubebea upepo.

Nilikuwa Mwamgongo siku Mthibiti aliporudi. Safari hii sikukaa naye botini. Alikuja na boti ya kwanza, mimi nimelala pale tangu jana yake. Saa mbili kamili akasimama mlangoni mwa darasa la tano. Hapakuwa na mtoto, hapakuwa na mwalimu, hata mbuzi hakuwepo. Mwalimu Mkuu akawa anatokwa jasho kwenye ubaridi. "Mzee, kaa, nikuletee chai." Mthibiti hakukaa. Akashuka mwaloni, sisi nyuma yake kama watu wanaosindikiza jeneza.

Mwalimu Hepi alikuwa amepiga magoti mchangani, kitenge kimefungwa juu, anatandaza dagaa kwa viganja. Watoto wamepangana mistari, kila mstari na mama zao, na wakati mikono inatandaza midomo inaimba: sita mara saba, sita mara nane. Butoyi akakosea, Bukuru akamcheka, mama yao akawatandika wote wawili kwa jicho. Mwalimu Hepi akainua uso akaona suti. Akasimama, mikono imejaa magamba hadi kwenye kiwiko, hakujua aiweke wapi.

"Mwakeye, mzee," akasema, Kiha kikamtoka kwa hofu. Kisha akakumbuka: "Shikamoo."

"Marahaba. Mwalimu, ni saa mbili na nusu. Darasa liko wapi?"

Mwalimu Mkuu alitaka kujibu, Mama Bukuru akamvuta shati.

"Darasa ni saa nne, mzee," Mwalimu Hepi akasema. "Bado mistari hii miwili."

Mthibiti akatazama saa yake. Akatazama mistari. Kisha akakaa juu ya mtumbwi uliofudikizwa, akafungua kamba za viatu polepole, akaweka soksi ndani ya viatu, akakunja suruali.

"Basi tusichelewe," akasema.

Saa nne kengele ilipopigwa darasa lilijaa, ila lilinuka. Mthibiti alikaa dawati la nyuma na mapacha mpaka kipindi cha mwisho. Aliagana nasi bila kusema neno lolote la maana, na tukakaa na hilo bila usingizi mpaka jibu lilipokuja kupitia kwa Mwalimu Mkuu: Mwalimu Hepi amethibitishwa kazini. Akampigia mama yake Singida papo hapo, akalia, mama akalia, sola ikaisha.

Kisha akashuka mwaloni na nakala ya ripoti ya Mthibiti, wanawake wakamzunguka wakitaka wasomewe. Akasoma kwa sauti ya darasani mpaka akafika mstari mmoja akakwama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa mchangani.

"Nini?" Mama Bukuru akamwuliza. "Kaandika kuhusu suruali yake?"

"Ameandika, 'Mwalimu anafuata ratiba bila kukosa.'"

Mama Bukuru akafikiri kidogo, beseni kiunoni.

"Ratiba ipi?"

"Hakuandika, mama."